Ng'ombe Wachache wa Mhandisi Joakim Masele

Tarehe 30 Juni 2025 Ndugu Joakim Masele anastaafu rasmi, baada ya kuitumikia mifugo ya mkoa huu na wenye mifugo yao kwa miaka thelathini na mitatu na miezi kumi na moja. Siku sita kabla ya tarehe hiyo chuo kilitoa matokeo, na jina lake limo: amefaulu shahada ya kwanza ya uhandisi wa programu za kompyuta, akiwa na miaka sitini. Kwa hiyo leo tunamuaga mtu aliyemaliza kazi na shule ndani ya wiki moja. Mimi niliyekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kuona jambo kama hilo, na sidhani kama nitaliona tena.

Alizaliwa Lalago, katika nyumba ya pamba na ng'ombe. Baada ya chuo cha mifugo aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1991, akaanzia Maswa na pikipiki iliyokuwa ikiwaka kwa kusukumwa, kisha mwaka 2013 akahamia kituo chetu cha hapa Bariadi. Watu wa vijijini wanamwita Bwana Mifugo, hata wale ambao mifugo yao ilishakwisha.

Waliofanya naye kazi wanajua tabia yake moja. Joakim huondoka akiwa amekaa. Unazungumza naye, kalamu iko mkononi, macho yako dirishani, na mwenyewe hayupo. Yuko mahali fulani mbugani, mchana, jua likiyeyusha upeo wa macho mpaka ng'ombe wa mbali wanaonekana wakitembea juu ya maji. Mara nyingi nilimwita mara tatu ndipo akarudi, akaniuliza kwa upole nilikuwa nasemaje. Zamani nilidhani ni usingizi.

Lazima niseme habari ya mvua ya mwaka 2017, maana bila hiyo hii shahada haielezeki. Tulikuwa Kimali kuchanja dhidi ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Mvua ikatukuta mahali peupe, daftari la chanjo likalowa, na kurasa mbili zikawa wino mtupu. Jioni ile Joakim aliziandika upya kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yake ni nzuri sana, na ndiyo iliyomponza. Aliandika kwamba zizi la mjane Esteria Sayi limechanjwa, kumbe siku hiyo mifugo yake ilikuwa malishoni mbali. Awamu iliyofuata tulimruka kwa kuamini daftari. Ugonjwa haukumruka.

Waliokufa walikuwa wangapi hatukuuliza, na msomaji wa kwetu anajua kwa nini. Alibaki mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Mama Esteria hakumlaumu mtu. Alimkaribisha Joakim, akampa kiti na maziwa ya ng'ombe wa jirani, na hilo, Joakim aliwahi kuniambia, lilimuumiza kuliko matusi.

Tangu hapo akawa na wazo moja: daftari lisilolowa. Aliandika barua akiomba mtaalamu wa kompyuta atutengenezee. Mtaalamu hakupatikana. Asubuhi moja mwaka 2018 akaingia ofisini, akatusalimia kwa Kisukuma, Mwangaluka, akavua kofia na kutangaza kwamba ataisoma kazi hiyo mwenyewe. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kwa kuwa nimepewa kalamu leo, naitumia kuomba radhi.

Alifanya mwaka mmoja wa kozi ya msingi, akaingia shahada mwaka 2019, akisoma kwa njia ya masafa. Mihadhara ilikuja kwenye simu, na mtandao mzuri ulikuwa juu ya jiwe moja kubwa upande wa Ngulyati. Wakulima wa pale walizoea kumwona Bwana Mifugo amesimama juu ya jiwe katikati ya mashamba ya pamba iliyopasuka, kote kumekuwa kweupe, yeye ameinua simu juu kama anayempimia Mungu halijoto. Akisubiri somo lishuke, alikuwa akiota. Alinieleza baadaye kwamba pale juu alikuwa akiona ng'ombe wote aliowahi kuwachanja wakipita mmoja mmoja, kila mmoja akisimama kidogo kusubiri kuandikwa, na nyuma yao vumbi likitua taratibu.

Masomo hayakuwa ndoto. Hisabati ilimpa sapu, mtihani wa kurudia, mara mbili. Mkewe, Mama Generoza, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alimkalisha mezani kila Jumamosi asubuhi na kumsahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma ya ndoa. Lakini walipofika kwenye sehemu ya programu inayorudia kazi ileile mpaka iambiwe basi, wanafunzi wenzake, wenye umri wa wajukuu, hawakuelewa, na yeye akawaelewesha kwa sauti kwenye kundi lao la simu: "Maadamu kuna ng'ombe nje, ingiza mmoja, chanja, toa. Wakiisha, funga mlango." Mhadhiri mwenyewe, nasikia, sasa anafundisha hivyohivyo.

Na nisisahau siku ya boksi. Ili vumbi lisiharibu kompyuta yake ndogo, Joakim alikuwa akiitunza ndani ya boksi la ubaridi la ziada, kama lile la kubebea chanjo. Maboksi mawili, rangi moja. Siku moja tulifika Ngulyati, wafugaji wamejipanga tangu alfajiri, ng'ombe wamebanwa kwenye kichochoro cha mbao, Joakim akafungua boksi kwa heshima zote, akatoa kompyuta. Chanjo ilikuwa Bariadi, ndani ya jokofu, salama salimini. Mzee mmoja aliuliza kama sindano ya siku hizi imekuwa bapa. Tulirudi mjini kuifuata chanjo, na njia nzima tulijikaza tusicheke.

Mwaka huu ukawa mwaka wa mwisho wa vyote viwili. Kanuni ya chuo ilisema mradi wa kuhitimu ujaribiwe kazini kwa mwanafunzi, kwa watumiaji wa kweli, na ripoti ifike kabla ya Aprili kuisha. Akishindwa, arudie mwaka ujao. Na mwaka ujao Joakim asingekuwa na kazi, wala chanjo, wala ng'ombe wa kujaribia. Kwa hiyo safari ya Kimali ya mwezi Machi ilikuwa imebeba miaka yake saba na deni la moyo alilojiwekea mwenyewe.

Programu ilikuwa nzuri. Ilikaa ndani ya simu yake na ilifanya kazi hata pasipo mtandao. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina la mfugaji, kijiji, na idadi ya ng'ombe, na bila kujaza vyote vitatu haukuendelea. Hivyo ndivyo vitabu vilivyomfundisha.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mboje Masunga. Jina, akatoa. Kijiji, akatoa. Joakim akauliza idadi.

"Wachache tu," akasema Mzee Mboje.

Programu haijui wachache. Joakim akauliza tena, kwa adabu. Mzee Mboje akatazama ile simu, akatazama mifugo yake, kisha akampigia mluzi maksai aliyetangulia. Zizi zima likageuka. Waliokuwa nyuma yake wakageuka pia, bila kelele, bila ugomvi. Ilipofika saa sita mchana kichochoro kilikuwa kitupu na vumbi limeshatua.

Joakim alikaa juu ya boksi la chanjo kwa muda mrefu. Safari hii hakuwa ameondoka, alikuwepo kabisa. Akaniambia kwamba yeye ni mtoto wa mfugaji, na alimwuliza baba yake idadi ya ng'ombe mara moja tu, akiwa mdogo, na jibu alilopata lilimfundisha kutouliza tena. Kwa imani ya kwetu, anayehesabu ng'ombe wa watu anawapunguza. Jambo hilo analijua kuliko hisabati yoyote. Miaka saba ya shule ilikuwa imelifunika, akaliandika kosa hilo kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza. Niliona macho yake yamelowa.

Siku ya pili alikwenda kwa Mzee Mboje kwa miguu, bila simu. Alikaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Hakuuliza lolote, alisikiliza tu. Jioni, wanyama wakiingia, mzee alianza kuwataja mwenyewe: huyu mweusi alitoka kwa mjomba, yule wa madoa ya kanga ni mahari ya dada, yule pembe imeelekea chini ni mtukutu tangu ndama. Kila mmoja ana sura na habari zake. Joakim alirudi Bariadi akiwa na uso wa mtu aliyeona jambo, na kwa wiki tatu hakuna aliyemwita akaitika mara ya kwanza.

Alifuta swali la idadi. Mahali pake programu sasa inamsubiri ng'ombe aingie, ndipo inauliza: ana rangi gani, pembe zake zikoje, ana alama gani. Akitoka, anaingia mwingine. Kwa mfugaji, mwisho wa yote huandika maneno mawili tu: Wote wamechanjwa. Sisi kituoni tunajua chupa ngapi za dawa zimetumika, na kuhesabu dawa hakujawahi kumpunguzia mtu ng'ombe.

Tarehe 14 Aprili tulirudi Kimali. Nilipata hofu asubuhi ile kama vile mtihani ni wangu. Tulisubiri. Saa tatu Mzee Mboje akatokea, mluzi mdomoni, na nyuma yake wengine. Alisimama karibu na Joakim akirekebisha maelezo: huyo siyo mwekundu, ni mwekundu wa udongo mbichi, andika vizuri. Ikawa kazi kama sherehe. Wanyama walipita, rangi baada ya rangi, na mimi niliyekuwa nashika sindano nilijikuta nikielea kidogo katika ile ndoto ya juu ya jiwe.

Saa nane mvua ikanyesha. Tuliokuwa Kimali mwaka ule tulitazamana. Joakim hakukimbia. Alikuwa ameivalisha simu glovu ndefu ya mpira, ile inayofika begani, akaendelea kuandika, maji yakimchuruzika kwenye kofia. Wa mwisho kuingia alikuwa ng'ombe mkubwa mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, na nyuma yake watoto wake na wajukuu wake. Mama Esteria Sayi alikuwa amesimama mvuani na khanga kichwani. Alipotoka wa mwisho, Joakim alimgeuzia simu asome. Alisoma taratibu, herufi kwa herufi, akashukuru kwa Kisukuma: wabeja.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mfugaji yeyote. Alimsogelea Joakim, akamwinamia sikioni, akamwambia. Sikusikia, wala sikutakiwa kusikia. Nilijua tu kilichosemwa kwa jinsi Joakim alivyovua kofia. Idadi ile haimo kwenye programu, haimo kwenye ripoti, na Mama Generoza mwenyewe anasema hajaambiwa.

Mbele ya jopo la chuo waliuliza, kama ilivyotarajiwa, kwa nini daftari la mifugo halina mahali pa kujaza idadi. Joakim alieleza kwa dakika ishirini. Mmoja wa wajumbe, ambaye inaonekana ana asili ya huku, aliinamisha kichwa akitabasamu na kusema hana swali zaidi.

Ndugu Joakim, kichochoro tumekiacha wazi, na daftari lako litabaki likifanya kazi mvua na jua. Tunakushukuru kwa miaka yote, kwa chanjo iliyosahaulika jokofuni, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kuota ndoto kazini na kazi ikafanyika. Unarudi Lalago na Mama Generoza, na tunasikia umeshajenga zizi. Wiki iliyopita nilijisahau nikakuuliza utafuga wangapi, ukanitazama tu, ukacheka. Nimeelewa.

Kwa niaba ya kituo kizima tunakuombea afya, mvua za wakati wake, malisho ya karibu, na ng'ombe wachache tu.

Elizabeth Kwandu
Kituo cha Afya ya Mifugo, Bariadi