Mapaa Ishirini na Saba

Mshonaji mmoja alipanda treni akihema, akaketi kando ya kijana mchora ramani na kuchungulia kompyuta yake.

"Mwanangu, mbona mtaa wetu umeandikwa 'uwanja mtupu'?"

"Hiyo ni ramani ya miaka arobaini iliyopita, mama. Bosi anasema hapakuwa na watu."

"Kumbe mimi nilizaliwa na nyasi!" Abiria wakacheka, yeye hakucheka. "Kesho mtaipeleka mahakamani kwenye kesi ya mtaa wetu, tufukuzwe kama wavamizi."

Kijana aliinamisha kichwa. Picha ya zamani ya angani ilionyesha mapaa ishirini na saba, naye ndiye aliyeyafuta kwenye ramani kwa amri ya bosi.

"Nitayarudisha mapaa yenu, mama."

"Ahadi za wasomi hizo! Nimezishiba."

Akayarudisha moja moja, akahifadhi, akijua bosi huona kila badiliko papo hapo. Treni iliposimama, simu yake ilikuwa ikiita.