Wa Mwisho Hapumziki

Tulikuwa kwenye basi tunarudi mjini kutoka kupanda milima, nyuso zimeiva kwa jua la siku nzima. Kwenye kiti cha mbele yangu, kinyozi kijana na mama fundi cherehani waliojuana asubuhi ile ile walikuwa wanagombana kama ndugu.

"Mama, kila kilele tulikungoja," kinyozi alisema. "Usiseme tulikukimbia."

"Mliningoja, ndiyo! Mmejilaza juu ya mawe, mnamenya machungwa. Mimi nikifika, pumzi juu juu, wewe unasimama, unajipangusa suruali: 'Haya, twende!' Sasa hapo aliyepumzika ni nani?"

Mimi niliyekula machungwa hayo nikatazama dirishani.

"Lakini mama, si ungekaza mwendo kidogo?"

"Mwanangu, siku nzima nakanyaga cherehani. Miguu hii haijui kukimbia, inajua kutochoka. Milima yote nimeipanda bila kuketi hata mara moja. Wewe umeweza?"

"Mwenye nguvu ni anayetangulia."

"Anayetangulia anawahi machungwa tu!"

Hata dereva alicheka. Basi likasimama. Mama akateremka wa kwanza, akaketi kwenye benchi la kituo, akanyoosha miguu. Kinyozi, magoti yamemkaza na begi limenasa chini ya kiti, alishuka wa mwisho akihema. Alipofika tu kwenye benchi akitaka kuketi, mama akasimama, akajipangusa sketi.

"Haya, twende!"