Leseni Yenye Miwani ya Mama Yenu

Elfu arobaini! Elfu arobaini zangu mwenyewe, nilizolipia leseni dirishani nikapewa risiti, halafu wewe kifungua mimba wangu, mwalimu mzima, unasimama mbele ya kitanda changu kuniambia nimezitupa? Keti. Na wewe binti yangu, acha kuninyooshea shuka, nife kwanza ndipo mnyooshe. Sikilizeni wanangu, maana moyo huu daktari kasema sasa unawaka kwa kusukumwa kama gari bovu, na pumzi iliyobaki si ya kubishana, ni ya kuusia.

Nyumba ni yenu sawa kwa sawa. Hati iko sandukuni chini ya makoti. Sina deni la mtu. Kuku wa jirani niliyemkanyaga kwa pikapu nilimlipa, tena zaidi ya alivyostahili kuku yule. Nguzo ya lango niliigonga mimi, nakiri. Lakini imeegemea njiani tangu ijengwe, nami nimeikwepa miaka arobaini, siku moja tu ikanishinda. Sasa hapo mzembe ni nani?

Kwa ajili ya nguzo hiyo, mwalimu, ulikwenda ofisini kunichukulia leseni yangu mpya ukaificha, eti, “Baba, nakutunzia.” Cha mtu mavi, nilikufunza hujaota meno! Tena unamwambia dada yako kwamba nilipimwa kwa macho ya kuazima. Basi asikie kwangu, njia ya mwongo ni fupi.

Tulikuwa kumi na wanane kwenye benchi, mlango wa chumba cha kupimia macho uko wazi, na kila aliyeingia alisoma herufi zilezile kwa sauti ya mnadani. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimezihifadhi kama wimbo. Mwingine angenyamaza apite. Mimi niliyeendesha gari la mikate maisha yangu yote bila kumega hata kipande, nikamwambia daktari wa macho, “Binti, hizo nitakusomea hata ukizima taa. Geuza ubao.” Akacheka, akageuza. Lo! Nikaona sisimizi wanaandamana. Nikapapasa mfukoni nitafute leso nijifute jasho la hasira, mkono ukakutana na miwani ya marehemu mama yenu, ile iliyopinda juu kama masikio ya paka. Miaka mitatu tangu atutoke natembea nayo. Msiniulize kwa nini. Nikaivaa. Nikasoma mstari kwa mstari, hadi jina la kiwanda kilichochapa ubao. Daktari akaandika, dereva huyu avae miwani. Hakuandika ya nani. Na picha nikapigwa hivyohivyo, na masikio yangu ya paka.

Mnacheka? Chekeni. Mama yenu alikaa pembeni yangu kwenye pikapu miaka thelathini na minane akinisomea vibao, “Baba watoto, punguza, hapo mbele pana shule,” nami nikamwona msumbufu. Kumbe macho alianza kuniazima zamani.

Pikapu ni ya binti yangu. Ufunguo uko chini ya mto huu, uchukue. Gia ya pili usiilazimishe, ibembeleze. Usinitumbulie macho, mwalimu. Nani alikwambia nataka kuendesha? Mguu wangu haufiki tena kwenye breki, najua kabla yako. Lakini dereva hushuka mwenyewe, hashushwi. Ufunguo nimeutoa kwa mkono wangu, nikiwa na leseni hai ya miaka mitano, si kama mzee aliyenyang’anywa.

Haya. Pendaneni. Msigombee makoti. Njia zenu ziwe nyoofu, breki zenu zishike, na wa kuwasomea vibao... asikosekane pembeni yenu. Sogeeni. Pumzi... inakatika. Mwalimu, uache mkono wangu, sikuuomba wako. Mfuko wa shati lako... wa kushoto. Kona yake imechomoza, naiona, tena bila miwani.

Nipe leseni yangu.