Jina Langu Lilivyofika Getini

Kamwene, akina mama. Kamwene na ninyi akina baba mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka. Majina ya watu sitayataja. Anayewajua atawajua.

Mimi nilikuwa nauza viazi. Nilinunua Iwawa na Ipelele, nikashusha Makambako kwenye malori ya Dar es Salaam. Ni miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mnaikumbuka, kila mwenye gunia anajiita tajiri. Njiani kulikuwa na geti la ushuru wa mazao. Ushuru nililipa, stakabadhi nikapewa, lakini mkubwa wa geti alitaka na chai yake. Usipompa, gari linawekwa pembeni, mzigo ukaguliwe. Viazi vinakaguliwa nini, ndugu zangu?

Basi hapa Njombe kikaanzishwa chama cha kupinga rushwa. Nikajiunga kwa moyo wote. Mwenyekiti alikuwa msomi, mtu wa kanisani, ana sauti ya kukufanya umwamini kabla hajamaliza kusema. Akatangaza kwamba mwenye malalamiko aje ofisini kwa siri. Nikaenda. Tulikuwa yeye na mimi tu. Nikamweleza yote, hata nikamwigizia mkubwa wa geti anavyokohoa akitaka chai. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi.

Safari iliyofuata nikasimamishwa. Mkubwa wa geti akanisogelea, akakohoa. Akakohoa tena, taratibu, huku ananitazama.

"Nimekohoa vizuri, mama? Au kule ofisini ulionyesha namna nyingine?"

Gari likawekwa pembeni, mvua ikanyesha, viazi vikaanza kutoa maji kwenye magunia. Nikiwa nimesimama pale, lori la mbao likapita bila hata kupunguza mwendo. Lilikuwa la mwenyekiti.

Kwenye mkutano wa wanachama nikanyoosha mkono. Sikumtuhumu mtu, niliuliza tu. Malalamiko yetu yanakwenda wapi? Nani anayasikia? Mbona kamati inakutana peke yake na sisi hatusomewi chochote? Chama kinachodai uwazi serikalini, chenyewe kimejifungia nini?

Mwenyekiti akatabasamu. "Ndugu wanachama, mnaona? Wala rushwa wameshatutumia mtu wao."

Wakapiga makofi! Watu niliokula nao, wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo nikawa mama aliyetumwa. Makambako nikisalimia, wanaangalia barabara. Wenye malori wakaogopa kubeba mzigo wangu, maana ukionekana nami geti linakugeukia. Biashara ikafa. Nikarudi Ludewa kwa mama yangu, mimi mtu mzima na watoto wangu, nikalala kwenye chumba nilichokiacha nikiwa msichana.

Padri yuko hapa, anisikie. Kule Ludewa sikuomba amani. Nilikuwa nachimba mihogo huku naona uso wa mwenyekiti kwenye udongo, naushushia jembe. Mama alinitazama siku moja akasema, "Mwanangu, hilo shamba limekukosea nini?" Nikaendelea kuchimba.

Akaja mzee mmoja, Mwislamu wa Makambako, mwenye lori la kuleta bidhaa. Aliponiona dukani alishuka, akanisalimia mbele ya watu. Nikamwambia, "Mzee, huogopi? Mimi nimetumwa."

"Na mimi nimetumwa, binti yangu," akasema. "Nililalamika kwa mwenyekiti juu ya bwana mmoja. Kabla sijafika nyumbani, yule bwana alishanitumia salamu."

Hapo ndipo macho yaliponifunguka. Nilikuwa nadhani nimeonewa peke yangu. Nikapanda lori lake siku hiyohiyo. Tukawatafuta wengine Makambako na Njombe, tukawapata: fundi seremala, mama lishe, mwalimu. Kila mmoja alikuwa amejificha na aibu yake. Nikawaambia, "Mimi sitaki kumpiga. Nataka asimame mahali ambapo hana mlango wa kufunga."

Siku moja wafadhili wa kile chama wakaja kukitembelea. Ukumbi ukajaa. Mwenyekiti akahutubia kuhusu uwazi, ndugu zangu, uwazi! Nikasimama.

"Kaa chini, mama."

"Sikai. Nilikuletea siri, ukaipeleka getini."

"Huyu ana matatizo yake, tumsamehe..."

Mzee wa lori akasimama. "Na yangu uliipeleka." Seremala akasimama. Mama lishe akasimama, anatetemeka, lakini akasema. Mwalimu naye. Kisha wakaanza kusimama watu ambao hatukuwa tumewatafuta.

Mwenyekiti akashuka jukwaani, akaninong'oneza, "Dada, njoo tuyazungumze ofisini."

Nikasema kwa sauti, ukumbi wote usikie, "Ofisini ndiko yalikotupata."

Nilimtazama jasho likimtoka kwenye baridi ya Njombe. Nilimtazama mpaka mwisho, na sikugeuza uso. Mnisamehe, lakini nilishiba.

Wanachama walimwondoa, wakaamua kila kikao kiwe wazi. Mkubwa wa geti alihamishwa tu, na hilo bado linaniuma. Mimi nikarudi sokoni. Baadaye mwenyekiti alinifuata kwenye meza yangu, jioni, watu wametawanyika. "Dada, yaishe." Nikamjibu, "Ulinichafua mbele ya watu. Njoo uniombe radhi mbele ya watu." Mpaka leo hajaja. Padri ananihimiza nisamehe. Nimemwambia, Baba, nitasamehe siku atakapofika.

Namshukuru mama yangu, aliyenilisha bila kunihoji. Namshukuru mzee wa lori, na yule mama lishe aliyesimama akitetemeka. Ningekuwa na uwezo ningempa ukumbi ule uwe wake.

Na leo ninyi mnasema niwe mwenyekiti wa chama chetu hiki cha kuweka na kukopa. Nakubali. Ila niulizeni. Niulizeni hadharani, hata yale mnayodhani ni madogo. Na siku mtakapoona nimekasirika kwa kuulizwa, msinihurumie.