Mama Rangi, Aliyefuata Maji Hadi Yanakotokea

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Mama Rangi, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi mitambo na mkunga. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo hakunywa maziwa kabla ya kuyatazama.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968, akasomea ufundi bomba, mwanamke peke yake darasani. Alipotangazwa wa kwanza, aliomba kuona karatasi yake ilivyosahihishwa. Alikuta alama mbili asizostahili, akazirudisha. Akawa wa pili, akalala usingizi.

Kuanzia 1971 hadi 2006 alikuwa mkaguzi wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kumwaga rangi ya kijani chooni mwa mtu, kisha kwenda kusubiri mtaroni aone inatokea wapi. Maelezo ya mwenye nyumba aliyapokea kwa adabu, wala hakuyaandika popote. Ndivyo alivyompata mumewe, dereva wa malori, aliyeapa kwamba choo chake hakimwagi kwa jirani, hadi mtaro wa jirani ulipogeuka kijani mbele ya macho yake. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975. Mzee, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015, hakuapa tena.

Mwaka 2009 marehemu alipata uvimbe wa saratani kwenye titi la kulia. Dada yake alikwisha kuugua maradhi hayohayo. Dada huyo aliondolewa tezi zote za kwapani, na mkono wake ukavimba kama mto wa kulalia hadi siku yake ya mwisho. Mama Rangi hakuogopa kisu. Aliogopa kuupoteza mkono wa spana. Daktari wa upasuaji alimweleza kuwa siku hizi hudunga rangi ya bluu karibu na uvimbe, huifuata hadi tezi za kwanza inazofikia, ambako saratani nayo ingepitia kwanza, na kuzitoa hizo tu kupitia tundu dogo. Zikipimwa zikawa safi, nyingine haziguswi.

Alimtazama kama alivyozoea kuwatazama wenye nyumba. "Na kama bomba lina tawi jingine?"

"Ndiyo maana tunatoa kila iliyoshika rangi, mama, si moja tu."

Alikubali bila kuamini. Alipozinduka na kukuta jeraha la kwapani halizidi kidole gumba, alimnong'oneza binti yake kwamba hawa wamemkwaruza tu. Asubuhi yake akamwita chooni. Ile bluu ilikuwa imeugeuza mkojo kuwa wa kijani.

"Haya mwanangu, rangi imeingia kweli. Sasa tuone kama waliifuata."

Majibu ya maabara yalitoka siku ya tisa: tezi mbili, zote safi. Aliyasoma mara tatu, akanunua futi ya fundi cherehani. Tangu hapo, kila Jumapili alipima mikono yote miwili, aone kama wa kulia unavimba, na kuandika daftarini.

Alifariki nyumbani kwa maradhi ya moyo tarehe 3 Machi 2023. Daftari lilikuwa chini ya mto. Mstari wa mwisho, wa Jumapili iliyotangulia, unasema: "Iko sawa. Tuzidi kuangalia."

Ameacha binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba, na spana ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Apumzike kwa amani, akishaikagua mwenyewe.