Bunduki Aliyoichagua Abrahamu Kalinga

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliofika kutoka Iringa, Igawa na Mbeya, familia inawashukuru kwa kukaa nasi tangu msiba huu ulipotangazwa, na sasa inawaomba mkae kimya kidogo msikilize maisha ya ndugu yetu Abrahamu Liberatus Kalinga, kama yalivyoandikwa na mimi mke wake Lusia, na yanasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake Gerson, ambaye nimemwomba asipunguze neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 katika hospitali ya misheni ya Tosamaganga, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Liberatus Kalinga na mama Juliana, akabatizwa hapohapo misheni mwezi wa tano mwaka uleule. Utoto wake aliumalizia hapa Lyamgongo, baada ya mzee kuhamia bonde la Usangu kufuata mashamba ya mpunga na mizinga ya nyuki, na mama mkwe anasema alikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani, hata ufagio aliuuliza, na akiambiwa kitu fulani kina kazi moja tu, alisikitika.

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1997 akamaliza la saba mwaka 2003, kisha akasoma sekondari Iringa hadi kidato cha nne mwaka 2007. Baada ya hapo alikaa Igawa kwa mjomba wake, akiuza vipuri vya baiskeli na pikipiki kando ya barabara kuu, na kazi hiyo aliifanya hadi tarehe 3 Machi 2014, siku ambayo mkutano wa kijiji ulimchagua kuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, akaenda mafunzo ya miezi mitatu, akarudi na kofia, buti na cheti, na tangu siku hiyo pori likawa ndiyo kazi yake.

Mwaka 2016 kikosi cha doria kiliongezewa askari wa kike, Faustina, mzaliwa wa hapahapa, ambaye wote mnamwona amekaa pale karibu na kwaya. Kiongozi wao Sosthenes aliwapanga askari wawili wawili, na marehemu alipangwa na Faustina, na mpango huo haukubadilishwa hadi mwisho.

Mimi nilikutana na marehemu Igawa mwaka 2017, nilipokuja kutoka milimani kwetu Mbeya kuuza viazi pamoja na mama mdogo, naye akanunua ndoo mbili za viazi ilhali alikuwa anaishi peke yake, akarudi wiki iliyofuata akanunua nyingine, na mama mdogo akaniambia, "Huyu si mla viazi." Tulifunga ndoa tarehe 22 Desemba 2018, na Mungu alitujalia watoto wawili, Gloria aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2019, na Isaka aliyezaliwa tarehe 17 Februari mwaka huu, ambaye bado ananyonya.

Marehemu alikuwa mume mpole na mkimya, alirudi nyumbani amechoka, akala, akacheza na mtoto, akalala. Wenzake wa doria ndio walioniambia kwamba porini alikuwa anaimba, tena kwa sauti ya pili, na kwamba alijua kuiga mlio wa kila ndege mpaka wanacheka wanashika tumbo, na mimi nyumbani kwangu sikuwahi kuusikia hata mlio mmoja. Faustina ameusikia wote. Faustina anajua chai aliyoipenda akiwa njiani, anajua mti aliopenda kupumzikia, anajua alisema nini siku waliyoona watoto wa simba, na mimi najua saizi ya shati lake. Niliwahi kumwambia, "Baba Gloria, huyo Faustina unatembea naye, unakula naye, unacheka naye, sasa kwangu kimebaki nini?" Akanijibu, "Kimebaki kulala, maana porini hatulali." Nilicheka, lakini nilicheka kidogo.

Sasa naomba nieleze habari ya bunduki, kwa sababu imesemwa sana katika msiba huu, na si wote wanaosema walikuwepo.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 jumuiya yetu ya vijiji ilipata kibali cha silaha moja tu kwa ajili ya doria, na askari wakaambiwa wachague wenyewe ni ya aina gani, wajue wakishaichagua hakuna nyingine. Kikao kilifanyika tarehe 6 Februari uani kwetu, mimi nikipika chai. Sosthenes alitaka raifo, ile inayopiga risasi moja mbali na kwa nguvu, na marehemu alitaka shotigani ya mitutu miwili, ile unayoweza kuitia marisau ya kupiga ndege au risasi moja nene ya kumpiga mnyama mkubwa.

Sosthenes akasema, "Abrahamu, acha utani. Nyati atakucheka. Tuchukue raifo, mnyama aanguke kabla hajakuona."

Marehemu akasema, "Kaka, kwenye matete unaona mbali wapi? Kule kila kitu kiko puani."

"Na tembo je?"

"Tembo siendi kumpiga, naenda kumfukuza mahindini, na hii inapiga kelele kumshinda mke wangu."

Wote walicheka, na Faustina alicheka kuliko wote, na mimi niliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Kisha marehemu akaeleza vizuri, kwamba mto ukijaa wakakwama ng'ambo watahitaji kwale wa kula, na raifo kwa kwale itabakiza manyoya, kwamba risasi za shotigani hazisumbui kupatikana Mbeya wala Iringa, kwamba ikiingia vumbi au tope unaifungua tu, unachungulia mtutu, unapitisha kitambaa, unaifunga. Mwisho akasema, "Bunduki ni moja na sisi tunatembea wawili wawili, kwa hiyo isiwe ya mwenye nguvu, iwe ya yule atakayebaki amesimama."

Alipotamka hivyo alimtazama Faustina, na mimi nilikuwa mlangoni na birika, nikaona.

Shotigani ikapita. Wakubwa wa jumuiya walipoipeleka kwa fundi Mbeya, marehemu aliomba kitako kipunguzwe kidogo ili kikae vizuri kwenye bega la Faustina, na kwa sababu inarudisha teke, akaniomba kitambaa cha kushonea kijimto cha bega. Nilimpa tambara. Akasema ni jepesi. Kijimto kilishonwa kwa kitenge changu cha kijani nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya Pasaka, na kitenge hicho kimekaa kwenye bega la mtu mwingine miaka minne.

Tarehe 9 Agosti mwaka huu nilipata habari kwamba mama yangu Mbeya amevunjika mguu, na marehemu mwenyewe alinisindikiza Igawa mimi na watoto, akatusimamishia basi, akatupandisha. Kesho yake alikwenda doria.

Tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, marehemu na Faustina walikuwa wanafuatilia nyati dume aliyekuwa anachechemea, aliyeonekana karibu na kisima wanachoteka maji akina mama wa kitongoji cha juu. Nyati huyo alitoka kwenye matete umbali kama wa kutoka hapa anaposimama Gerson hadi kwenye jeneza. Marehemu alifyatua mtutu wa kwanza, risasi ikaingia begani, lakini nyati hakusimama, akamchukua kwa pembe pajani kuelekea tumboni, bunduki ikaanguka. Faustina hakukimbia, na hili nalisema kwa sababu ni kweli, aliiokota ikiwa bado na risasi kwenye mtutu wa pili, akaifyatua nyati akiwa amemsimamia marehemu, na nyati akaangukia pembeni. Kisha akamfunga jeraha kwa shati lake mwenyewe na kumtoa mpaka njiani, wakasaidiwa na bodaboda hadi Igawa, na gari la wagonjwa likamfikisha Mbeya.

Mimi kwa kuwa nilikuwa Mbeya, nilimpokea mlangoni mwa hospitali kabla ya ndugu mwingine yeyote. Nilimhudumia siku zote alizolala pale, aliongea nami vizuri, akamshika Isaka, akamsikiliza Gloria akisoma. Siku ya pili aliniuliza kama Faustina amekula. Nikamwambia amekula, ingawa sikujua na sikuwa nimeuliza. Madaktari walimfanyia upasuaji mara mbili na hawakuchoka, lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, na tarehe 19 Agosti 2025 asubuhi alitutoka, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Ndugu waombolezaji, tangu mwili ufike hapa yamesemwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba amekufa kwa sababu alichagua bunduki ndogo. La pili limesemwa kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mke wa mtu anayekwenda porini anatakiwa kutulia nyumbani, na asipotulia mnyama humgeukia mume wake, na kwamba Mama Gloria siku ile hakuwa nyumbani. Mimi ni mtoto wa wakulima wa milimani, mila hii nimeikuta huku, siidharau. Lakini niliiona ikifanya kazi, kwa sababu juzi jioni nilikaa kwenye godoro na kikombe cha uji kikanipita, kikapewa wa kulia kwangu na wa kushoto kwangu, na shangazi Severina, ambaye namheshimu, alikuwa akizungumza na ukuta, akisema, "Wengine walikuwa matembezini." Nikaelewa kwamba baada ya mazishi nitaulizwa kuhusu nyumba, na kuhusu watoto wangu.

Mimi si mtu wa maneno.

Jana asubuhi Faustina aliingia chumba cha akina mama na buti zake, akasalimia kamwene, wakaitikia, akaweka sakafuni kipande cha waya. Akasema, "Mtego huu niliukata mguuni mwa nyati yule, ulikuwa umekula mpaka mfupa. Shangazi, mnyama mwenye waya mguuni hachagui wa kumpiga, anapiga anayemkuta."

Shangazi akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunauliza tu."

Faustina akasema, "Mnaulizana mke alikuwa wapi. Mke alipandishwa basi na mume wake, mimi nilimshika huyu Isaka wakati wanapakia mzigo. Ulizeni waya ulikuwa wa nani."

Sosthenes alikuwa amesimama mlangoni, akasema anatamka mbele yetu kwamba ile raifo aliyoitaka yeye, ikianguka baada ya risasi ya kwanza, aliyebaki lazima aikoki upya ndipo ipige, na kwamba yeye mwenyewe na ukubwa wake asingewahi. Akasema, "Bunduki ya Abrahamu ilifanya alichosema itafanya. Bila hiyo tungemzika palepale kwenye matete, tena wawili."

Shangazi Severina alinyanyuka, akachota uji, akauleta kwangu kwa mikono miwili. Akasema, "Kunywa, mama, unanyonyesha." Nimeunywa, na jambo hilo limekwisha.

Waya umekabidhiwa kituo cha polisi. Marehemu mwenyewe aliutambua akiwa bado hospitali, nilipomweleza umbo lake alivyoniambia Faustina kwa simu, akasema ni waya wa breki ya nyuma ya pikipiki. Familia haimtaji mtu kwa sababu haimjui, inaomba tu kwamba yeyote mwenye nyaya nyingine kule azitoe kabla mtoto wa mtu hajaenda kuchota maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, dereva wa gari la wagonjwa, yule bodaboda ambaye hakutaka kutaja jina lake, majirani wa Lyamgongo kwa kuni, maji na kulala nasi nje kwenye baridi hii, Jumuiya Ndogondogo, kwaya, na askari wote wa doria.

Na Faustina. Sentensi hii nimeiandika mara nyingi nikaifuta. Nilimwonea wivu mwanamke huyu akiwa na mume wangu porini, nilimwonea wivu nilipojua kwamba ndiye aliyekuwa naye nyati alipotoka, na jana nimemwonea wivu tena, kwa sababu jina langu zuri limerudishwa na mdomo wake na si wangu, na leo bado sijamaliza. Lakini alininunulia siku nane na mume wangu, na siku hizo aliniachia mimi peke yangu, hakuja hospitali hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mama Gloria, zamu yangu ilikuwa imeisha."

Kwa hiyo familia imekubaliana kwamba Faustina ataweka udongo kaburini pamoja na ndugu wa marehemu. Ataitwa baada ya mzee Liberatus na mama Juliana, baada yangu, baada ya Gloria na Isaka. Baada yangu.

Pumzika kwa amani, Baba Gloria, mume wangu mimi.