Kanisa Liliomba Pedali, Nami Nikasema Amina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na waliofika mapema, asifiwe na sisi tuliochelewa miaka.

Mnaniona na karatasi. Mimi si mtu wa karatasi, niliacha shule darasa la tano nikaenda kuchunga. Lakini ushuhuda huu nimeuandika mwenyewe, siku tatu, kwa ile penseli ya kupimia mageti, na sababu mtaijua. Mwandiko ni mbaya. Ni wangu.

Na mnaona hili gunia hapa mguuni. Msiliangalie sana, tutalifikia.

Jina langu ni Ekal. Hapa Bulla Pesa mnanijua kama fundi wa kuchomelea. Wengi hamjui kwamba nilikuwa mpiga ngoma wa bendi ya rock. Ndiyo, rock, hapa hapa Isiolo, gitaa za umeme na kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Bendi iliitwa Radi. Tulikuwa watatu, na nitawataja kwa majina, kwa sababu ushuhuda usio na majina ni porojo. Mwiti alikuwa mwimbaji na gitaa. Halake alipiga besi. Mimi ngoma. Tulipiga harusini, tulipiga mikutano ya wanasiasa, tulipiga hotelini kwa watalii, na tulichopata tulinunulia vyombo. Vyombo vilikuwa vya sisi wote. Hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Marehemu mama yangu alitulea kwa kuchimba maji kwenye lugga, ule mto wa mchanga. Mto ukikauka, anashuka na jembe na debe, anachimba mchanga mpaka maji yatokee. Jembe linapiga mara mbili, anapumzika, linapiga mara moja. Mdundo huo niliusikia nikiwa mgongoni mwake kabla sijajua kusema. Basi siku moja tukiwa mazoezini, mguu wangu ukaanza kuupiga wenyewe kwenye ngoma kubwa ya chini, ile inayopigwa kwa pedali. Maneno yakafuata. Mimi nikatamka, Mwiti akaandika, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko. Wimbo tukauita "Chimba, Mama". Halake alikuwa ameketi juu ya spika anakula njugu, akaona yote.

Wimbo huo ulisimamisha watu juu ya meza. Watu wakisimama, na Mwiti naye anapanda. Akaanza kuchukua mafungu mawili ya malipo, moja la sauti, moja la utunzi. Nikamuuliza, utunzi gani? Akanijibu mbele ya wateja wa hoteli nzima, "Ekal, mguu hauandiki wimbo."

Watu wakacheka. Halake naye akacheka. Hicho kicheko nilikula nacho chakula miaka tisa.

Tukavunjika. Sasa sikieni ujinga wetu. Siku ya kugawana vyombo, Halake alileta wazo: kila mtu achukue kitu asichokipiga, amtunzie mwenzake, ili asiwepo wa kukimbia na bendi. Tukaona ni haki kabisa! Mwiti mwimbaji akapewa ngoma. Halake akapewa maikrofoni, mixa ya sauti na gitaa ya Mwiti. Mimi nikapewa gitaa ya besi ya Halake. Wanaume watatu wenye ndevu, kila mmoja anarudi kwake amebeba mkono wa mwenzake.

Lakini kabla ngoma hazijaenda kwa Mwiti, nilifungua ile pedali nikaificha ndani ya koti. Pedali hiyo ilikuwa imewahi kuvunjika nikaichomelea mimi, na kwa chini nikaandika jina langu kwa moto: EKAL. Nilijiambia huu si wizi, ni ushahidi. Katika mambo yote ya Radi, jina langu halikuandikwa popote duniani ila hapo.

Mwiti akaenda Nairobi na wimbo. Siku moja ninachomelea geti, redio ya jirani yangu muuza mitumba inaimba "Chimba, Mama". Nikazima mashine. Mtangazaji akamuuliza Mwiti wimbo ulitoka wapi. Mwiti akasema aliutunga peke yake, akimkumbuka mama yake akichimba maji mchangani.

Ndugu zangu, mama yake Mwiti ninamjua. Anauza nguo Meru na mfereji wa maji uko mlangoni pake. Mwizi wa wimbo ningemvumilia. Huyu aliniibia mama!

Nikaingia kwenye pombe na miguu yote miwili. Nilienda harusi ya watu, wakaupiga wimbo huo, nikapasua spika yao kwa kiti. Nikalala seli. Mke wangu, Mama Akiru, akauza cherehani yake ili nitoke, na hakunisimanga hata siku moja. Hiyo ndiyo iliyonileta kwenye mlango wa kanisa hili. Nikaokoka. Pombe ikaniacha, mkanishangilia, wengine mkalia. Lakini hakuna aliyeniuliza nyumbani kwangu kuna nini ukutani. Pedali ilining'inia kwa msumari juu ya kitanda. Nilikuwa ninaitazama kwanza, halafu ndiyo ninapiga magoti.

Mwaka jana kanisa likanunua ngoma za mkono wa pili. Zilipokuwa zinashushwa nilizijua kabla hazijagusa chini, alama za sigara za Mwiti ziko pale pale. Ndugu yake ndiye aliyeziuza. Ngoma zote zipo, pedali hakuna. Mmemwona Dada Kagwiria akiipiga ngoma kubwa kwa kuirushia teke kama punda. Mweka hazina akasema mabati kwanza. Mchungaji akasema basi, tutaomba, Mungu atatupa pedali.

Tukaomba. Kila Jumapili, miezi mitatu. Na mimi nilisema Amina, ndugu zangu. Nilisema kwa nguvu. Jumatano mlipofunga, nami nilifunga. Nilikaa na njaa kutwa nikimwomba Mungu kitu kilicho juu ya kitanda changu!

Kwa nini sikuitoa? Niliona nikiitoa, ngoma za Mwiti zimekamilika, na uwongo wake umepata miguu yote minne. Na mimi nimebaki bila ushahidi.

Jumapili moja tumetoka hapa, Mama Akiru anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Baba Akiru, leo mimi sikusema Amina," akasema. "Wewe ulisema. Sasa kati yetu ni nani anamdanganya Mungu?"

Nikamwambia, mtu mmoja tu akikiri wimbo ule ulitoka wapi, siku hiyo hiyo nitaileta.

"Basi nenda ukamtafute huyo mtu. Tunamtuma Mungu Nairobi kutafuta pedali, na iko juu ya mto wangu wa kulalia."

Jumatatu nikaenda soko la mifugo. Halake siku hizi anauza mbuzi. Miaka tisa tuko mji mmoja, akiwa upande huu wa barabara mimi ninavuka. Nilikuwa nimebeba hotuba kali kichwani, nimeipanga njia nzima.

"Salaam aleikum, Halake."

"Aleikum salaam. Ejok, fundi," akanijibu kwa salamu ya kwetu, mkono bado uko mdomoni mwa mbuzi anahesabu meno. "Umeniletea gitaa yangu?"

Hotuba ikaishia hapo. Nikamwambia ukweli, kwamba niliiuza kwa mtu wa Biliqo kwa mbuzi wawili.

"Na mbuzi?"

"Kiangazi kiliwamaliza."

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Hata Mungu alikataa hizo mbuzi." Halafu akajifuta mkono kwa kikoi. "Ekal, ule wimbo ni ya mamako. Nilikuwa juu ya spika. Nilijua siku ile, na siku ya redio nikajua tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Si ulikuwa na gitaa yangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua, si madhabahuni, ni katikati ya mavi ya mbuzi! Niliona kitu nilichokuwa sitaki kuona. Mtu wa kunitetea alikuwepo miaka yote, na mdomo wake niliufunga mimi, siku niliyouza mali yake. Nilisema nitawataja kwa majina. Mwiti aliiba wimbo. Halake alinyamaza. Wa tatu ni Ekal, aliyeuza gitaa ya mwenzake, akaficha pedali, akamwambia Mungu Amina.

Nikamwomba Halake msamaha pale pale. Hakusema amenisamehe. Alitoa simu akampigia Mwiti, akaweka sauti ya nje, wachuuzi wote wanasikia. Akasema, "Mwiti, ni Halake. Niko na Ekal. Ule wimbo ni ya mama yake, mimi ni shahidi, na nikiulizwa na yeyote nitasema hivyo." Simu ikakatwa. Halake akaitia mfukoni. "Amesikia," akasema.

Mwiti hajapiga tena. Wimbo bado unaimbwa redioni kwa jina lake. Nimemsamehe, nimefanya hivyo kwa magoti, na si mara moja, maana hasira inarudi. Lakini kusamehe si kusahau mama ni wa nani. Nikiulizwa nitasema, na nisipoulizwa nitasema: aliyechimba ni mama yangu. Halake naye nitamlipa besi yake. Nimeanza na mlango wa zizi lake, nimeuchomelea bure.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye pombe, na aliyerudi tena kunitoa kwenye msumari. Namshukuru Mama Akiru kwa Amina aliyokataa kusema. Na wewe uliyekaa hapo na kitu cha mwenzako nyumbani, iwe ni mali, iwe ni neno la kweli unalojua ukalikalia, leo usiseme Amina. Nenda ukakilete. Mtegemee Bwana kwa hayo yatakayobaki. Mimi nilidhani nitabaki bila kitu, na bado nimesimama.

Dada Kagwiria, fungua gunia. Pedali ni nzito, na imepakwa mafuta. Jina liko chini, halitaonekana, liache huko. Ukimaliza kuikaza, usipige teke tena. Weka mguu. Mara mbili, pumzika, mara moja. Usiharakishe. Mama hakuharakisha.